Gari la Daktari, Gari la Mvuvi: Swali Lenye Faida ni Lipi?

Dalali wa magari hapa Mwanza akitaka biashara iende haraka, haanzi na injini. Anaanza na mwenye gari. "Lilikuwa la daktari." "La mdada wa benki, kazini na nyumbani tu." "La padri, halijui fujo." Wapo pia wamiliki wa upande wa pili, wale ambao hawatajwi mpaka uwagundue mwenyewe: dereva wa mchomoko (gari dogo linalobeba abiria kati ya miji), mchuuzi wa samaki, chuo cha udereva. Kwa hiyo watu wanaofika kwetu tunakofundisha ufundi wa magari kuomba ushauri, wengi hawaulizi gari lina hali gani. Wanauliza kama ni kweli gari la daktari halichoki.

Jibu letu ni kwamba kazi ya mwenye gari ina uzito, ila mdogo, na uzito huo unapita kwenye mambo mengine kwanza. Kinachochosha gari ni barabara, mzigo, joto, vumbi na oili iliyopitisha muda wake. Ukijua gari lilikuwa likiamka kwenda wapi, likiwa limebeba nini, na nani alishika usukani, umejua karibu kila kitu. Ukijua tu kwamba mwenyewe ni daktari, bado hujajua hata kama yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha.

Tumchukue huyo daktari anayesifiwa. Anakaa Isamilo, anafanya kazi Bugando. Safari ni fupi, kwa hiyo geji ya kilomita inasoma kidogo, na mnunuzi anafurahi. Lakini injini inayowashwa asubuhi na kuzimwa baada ya dakika chache haipati muda wa kufikia joto lake la kazi. Unyevu na petroli kidogo inayopenya kwenye oili havipati joto la kuvitoa, oili inaharibika mapema, na ute mzito unaanza kujijenga chini ya kifuniko cha valvu za injini. Betri nayo haijai vizuri, na bomba la moshi linaota kutu kwa ndani kwa sababu maji hayakaushwi. Ongeza vilima vya Mwanza. Kupanda Bugando au Isamilo kila siku kwa gia nzito na kushuka mguu ukiwa kwenye breki ni kazi, hata kama ni ya kilomita chache. Gari kama hilo lilitakiwa kubadilishwa oili kwa kuhesabu miezi, lakini wengi wetu tunasubiri kilomita 5,000 zitimie, na kwa mwendo huo huenda zikatimia baada ya mwaka.

Sasa mweke pembeni yake mfanyabiashara wa nguo anayekwenda Shinyanga na Kahama kila wiki. Geji yake inatisha. Hata hivyo, kilomita za lami iliyonyooka, injini ikiwa imepata joto na kuzunguka taratibu kwenye gia ya juu, ndizo kilomita nyepesi kuliko zote. Klachi haiguswi, breki hazifanyi kazi kubwa, oili inabaki safi kwa muda mrefu. Gari la kilomita 160,000 za namna hiyo, lenye kumbukumbu za sevisi, tungelipendekeza mbele ya lile la kilomita 70,000 za kuzunguka mjini bila kumbukumbu. Wanunuzi wengi hawatukubalii hapa. Geji hutoa namba moja tu, na macho hupenda namba moja kuliko maelezo.

Padri na mchungaji wanastahili aya yao, maana sifa yao ya upole huwaponza wanunuzi. Dereva anaweza kuwa mpole kabisa na Noah yake ikawa imechoka kwa sababu kila Jumapili ilibeba kwaya nzima, spika na jenereta kwenda vigango vya ndani ya Kwimba au Magu. Shokapu za nyuma na bushi hazijali kama waliopanda walikuwa wakiimba. Na fundi gereji je? Gari lake mwenyewe mara nyingi ndilo la mwisho kutengenezwa, na vipuri vyake vimetoka kwenye magari matatu tofauti. Tunasema hivyo kwa upendo, ni wenzetu.

Ufukweni hapa kuna kazi moja ambayo kweli inaacha alama kwenye gari, nayo ni samaki. Watu hudhani kutu ya magari ya Mwanza inatoka ziwani. Ziwa Victoria lina maji baridi yasiyo na chumvi, na hewa ya Kirumba haili bati kama hewa ya Dar es Salaam au Tanga. Kinachokula bati ni maji yanayotiririka kutoka kwenye mzigo. Pikapu inayobeba sangara na barafu kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki, kila alfajiri inamwaga mchanganyiko wa maji, damu na ute wa samaki ambao hukaa kwenye mikunjo ya bodi na ndani ya vyuma vya chesisi, mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki. Ikiwa mzigo ulikuwa samaki wa chumvi, hali huwa mbaya zaidi. Kutu hiyo inaanzia ndani kuja nje. Ukiiona juu ya rangi, chini imeshafanya kazi ya miaka.

Basi usiishie kunusa. Harufu ya dagaa inaondoka kwa sabuni, jua na wiki mbili za kuacha milango wazi, na madalali wanalijua hilo. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na bisibisi. Gonga chesisi taratibu kuanzia nyuma ya kabini hadi kwenye bampa ya nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholika kinatoa sauti ya mbao au kinabonyea. Tazama mabomba ya breki yanayopita juu ya ekseli. Inua kapeti la buti na utoe tairi la akiba, kisha pitisha kidole kwenye mtaro uliozunguka kitako chake. Chesisi iliyopakwa rangi nyeusi mpya juu ya gari la miaka 15 ni ya kutiliwa shaka kuliko chesisi chafu.

Magari ya mialoni yana jambo la pili. Baadhi hurudishwa nyuma hadi magurudumu yaingie majini ili kupakia au kushusha mtumbwi, na kwa miaka mingi vijana wameosha magari kwa kuyasogeza ziwani, ingawa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Difu, yaani boksi la gia la kwenye ekseli, ikiwa ya moto halafu ikazamishwa kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Mwambie fundi afungue boliti ya difu na kutoa oili kidogo. Ikitoka imepauka na kuwa nyeupe, maji yameingia. Kisha inua kila gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Beringi iliyokunywa maji inakwaruza.

Magari yanayotoka upande wa Geita yana hesabu nyingine. Gari lililohudumu mgodini linaweza kukaa sailensa, yaani limewashwa bila kutembea, nusu siku likisubiri amri ya kuingia shimoni, huku kiyoyozi kikifanya kazi. Injini inazunguka, geji ya kilomita imelala. Hata magari ya kawaida ya njia hiyo yalikula muda mwingi kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025. Ndiyo maana mitambo hupimwa kwa saa badala ya kilomita. Kwenye gari la mgodini fungua boksi la filta ya hewa na upanguse ndani, upande wa baada ya filta. Vumbi likiwa limefika huko, limefika pia kwenye ringi za pistoni.

Kwa magari ya serikali na miradi, namba za zamani husema mengi. ST ni ya serikali kuu, SM ya serikali za mitaa, SU ya mashirika ya umma, DFP ya miradi ya wafadhili. Yakiuzwa kwa mnada hupewa namba za kawaida, lakini historia haifutiki. Uzuri wake ni kumbukumbu: magari mengi ya serikali hupita kwenye karakana za TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi, na ya miradi huwa na daftari la safari lenye kilomita na majina ya madereva. Ubaya wake ni kwamba aliyeliendesha hakununua tairi kwa fedha zake. Land Cruiser ya mradi wa maji vijijini inaweza kuwa imepata kila sevisi kwa wakati na bado sehemu zote za miguu ya gari, yaani shokapu, bushi na wenzao, zinadai kubadilishwa.

Halafu kuna neno ambalo madalali wanalipenda kuliko "daktari", nalo ni "mkono wa kwanza". Wanahesabu tangu gari lilipoandikishwa TRA, mamlaka ya mapato. Toyota IST iliyoingia nchini ikiwa na miaka 12 ilishakuwa na maisha yake Japani, na hapa Mwanza hakuna anayejua kama huko ilikuwa ya daktari au ya muuza mboga. Bahati nzuri, huko kuna kitu bora kuliko kumjua mwenyewe. Magari mengi yanayotoka Japani yamepita mnadani, na karatasi ya mnada ina mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, C ni chuma kilicholika, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Daraja R au RA maana yake gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Cheti cha kusafirishia nje nacho huandika kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Kama muuzaji bado ana karatasi hizo, linganisha na geji ya leo. Kilomita za leo zikiwa chache kuliko za siku gari lilipoondoka Japani, mazungumzo yameisha. Ukiona S na C nyingi, huenda gari liliishi upande wa kaskazini, kama Hokkaido, ambako majira ya baridi barabara humwagwa chumvi kuyeyusha theluji.

Pasipo karatasi, soma mikono na miguu iliyopita. Mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma hauendani na kilomita 60,000. Gari lililobeba abiria wa kulipa linajulikana kwa nyuma kuliko mbele: vitasa vya milango ya nyuma vimelegea, kingo za siti ya nyuma zimepondeka, kamba za mikanda zimechanika, bawaba za milango zinashuka. Namba za biashara ni nyeupe na za binafsi ni za njano. Gari likibadilishwa matumizi, huenda mashimo ya skrubu yakabaki mawili mawili. Gari la chuo cha udereva linajisema kwenye klachi, sinkronaiza za gia na stata, na pengine utaona sakafuni, upande wa abiria, mahali palipofungwa pedali ya mwalimu.

Hatusemi ukatae gari la abiria. Kwa bei inayolingana na uchovu wake, na ukitenga fedha za miguu na klachi, linaweza kukufaa. Tunachopinga ni kulinunua kwa bei ya mdada wa benki.

Kampuni za bima za Uingereza humuuliza mteja kazi yake kabla ya kupanga malipo, na kuna wanaotuletea hilo kama ushahidi. Lakini pale wanakadiria uwezekano wa dereva huyo kupata ajali siku zijazo. Hawapimi pistoni. Hapa kwetu bima ya gari huangalia zaidi aina ya gari na matumizi yake, kama ni ya binafsi, ya mizigo au ya abiria, na kwa mnunuzi wa gari lililotumika huo ndio mtazamo wenye faida.

Nenda asubuhi, na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kuna jambo lilitaka kufichwa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yanayozidi, mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mvuke wa dakika za mwanzo ni wa kawaida. Panda nalo kilima kirefu, shuka, lizime, subiri dakika kumi, liwashe tena. Fundi awe wako, asiwe yule ambaye dalali anamwita kaka.

Kwenye karatasi, jina la kadi ya gari lilingane na mtu anayekuuzia, na namba ya chesisi ya kadi uisome mwenyewe kwenye chuma. Ukiambiwa mwenye gari yuko Dar na amemwachia mdogo wake, mpigie huyo mwenye gari simu ya video kabla hujatoa shilingi, umwulize alikuwa akibadilisha oili wapi na mara ya mwisho lini. Aliyekuwa akilitunza gari hasiti kwenye swali hilo. Kagua madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani. Yakiwepo, usitazame kiasi tu, tazama yalikopatikana. Gari la "kazini na nyumbani" lenye faini za Misungwi, Nzega na Singida lina maelezo ya kutoa.

Mkikubaliana, andikeni mkataba na muende TRA kubadilisha umiliki bila kuahirisha, kila mmoja na namba yake ya mlipa kodi (TIN). Kwenye mkataba muweke tarehe na saa ya kukabidhiana ufunguo, maana faini ya mwendokasi inafuata namba ya gari, na siku ya mauzo gari huwa na madereva wawili.