Dawa kutoka baharini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kitu kikiua seli za saratani maabarani, basi dawa imepatikana." Dhana hii ndiyo inayowaumiza wagonjwa, kwa sababu haikawii kufuatwa na mtu anayewauzia unga au vidonge vya kiumbe fulani wa baharini.

Ukweli unaonekana vizuri kwenye kisa cha dolastatini 10, kemikali iliyopatikana kwa konokono wa baharini. Mwaka 1972, timu ya mwanakemia George Pettit wa Arizona ilikusanya huko Mauritius konokono laini asiye na gamba la nje, Dolabella auricularia, ambaye hata mwambao wetu wa Afrika Mashariki anapatikana. Muundo wa kemikali hiyo ulitangazwa 1987. Maabarani iliua seli za saratani kwa kiasi kidogo mno. Kwa wagonjwa ikashindwa: kipimo ambacho mwili uliweza kukivumilia hakikutosha kuushinda ugonjwa. Sababu ni kwamba inavuruga nyuzi ambazo kila seli huzihitaji ili igawanyike, na haibagui seli mgonjwa na seli nzima.

Wanakemia hawakuitupa. Walitengeneza kemikali ya ukoo wake, MMAE, wakaifunga kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoitambua CD30, alama iliyo juu ya seli za saratani ya Hodgkin. Kingamwili huingia nayo ndani ya seli hiyo, na humo ndimo sumu inapofunguliwa. Dawa hiyo, brentuximab vedotin, iliidhinishwa Marekani 2011. Ni miaka 39 tangu konokono wa Mauritius.

Wengine hudhani kila dozi inadai viumbe wavuliwe. Hofu hiyo ina msingi, maana zaidi ya tani moja ya konokono wale ilitoa dolastatini 10 yenye uzito wa punje moja au mbili za mchele. Hakuna bahari ingestahimili uvunaji huo. Ndiyo maana MMAE hutengenezwa kiwandani. Trabectedini, dawa ya saratani iliyogunduliwa kwa kiumbe wa Karibi anayeota kwenye mizizi ya mikoko, nayo leo huanzia kwenye kemikali inayotolewa na bakteria waliokuzwa kwenye matangi.

Hata mnyama mwenyewe mara nyingi siye fundi wa kemikali hizo. Mwaka 2001 dolastatini 10 ilipatikana kwenye sianobakteria, vijidudu ambavyo konokono yule huvila. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote: ukiharibu tumbawe au ukakata mikoko, unapoteza pia vijidudu ambavyo hakuna aliyewahi kuvichunguza.

Kwamba haya yote ni ndoto ya baadaye? Hapana. Saitarabini, inayotibu saratani ya damu, ilibuniwa kwa mfano wa kemikali za sponji wa Florida na inatumika tangu 1969.

Na "cha asili hakidhuru" si kweli kabisa. Zikonotidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani 2004, ni nakala ya sumu ya konokono Conus magus, na huingizwa kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo. Ndugu yake, Conus geographus, yupo Bahari ya Hindi na amewahi kuua watu. Ukiona kombe zuri lenye umbo la koni ufukweni, usilishike wala usilitie mfukoni, kwani huenda konokono mwenyewe yumo. Sumu yake haina dawa ya kuizimua. Aliyechomwa akimbizwe hospitali asaidiwe kupumua hadi iishe mwilini.