Kwa nini mabehewa ya reli ya Talyllyn yana milango upande mmoja tu?

Tywyn ni mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Wales, unaotazama Ghuba ya Cardigan. Hapo kuna stesheni iitwayo Wharf, na ndani ya jengo la stesheni hiyo kuna makumbusho ya reli nyembamba. Nje, mlango kwa mlango na makumbusho, treni ya mvuke ya Talyllyn husubiri abiria. Tazama mabehewa yake kwa makini. Utaingilia upande wa jukwaa na utashukia upande huo huo, stesheni zote, mwanzo wa safari hadi mwisho. Upande wa pili haufunguki kabisa.

Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani ni mtindo wa zamani, au labda mafundi walitaka kubana matumizi ya mbao na bawaba. Sivyo. Sababu ni madaraja yaliyojengwa membamba kuliko ilivyotakiwa, na jambo hilo liligunduliwa mwaka 1866, kazi ikiwa imeshakwisha.

Chanzo cha reli yenyewe kiko mbali na Wales. Ukoo wa McConnel ulikuwa na viwanda vya kusokota pamba huko Manchester. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika na mashine zikakosa kazi, hivyo wenye viwanda wakatafuta pengine pa kuweka fedha zao. William McConnel akaingia kwenye machimbo ya Bryn Eglwys, milimani juu ya kijiji cha Abergynolwyn. Huko ilichimbwa sleti, jiwe linalopasuka tabaka kwa tabaka hadi likawa vipande vyembamba vya kuezekea nyumba. Miji ya Uingereza ilikuwa ikikua kwa kasi na kila paa lilihitaji sleti. Tatizo lilikuwa usafiri, maana mzigo huo ulishushwa kwa farasi, na farasi hawezi kulisha soko la namna hiyo.

Ndipo ikaamuliwa ijengwe reli ya kuteremka bondeni hadi pwani. Shabaha ya kwanza ilikuwa bandari ya Aberdyfi, ili sleti ipakiwe melini. Lakini mwaka 1863 reli kubwa ya pwani ilikuwa imeshafika Tywyn, basi hapakuwa na haja ya kwenda mbali zaidi. Sleti ingeshushwa Wharf na kuhamishiwa kwenye mabehewa ya reli kubwa.

Bunge lilipitisha sheria ya ujenzi mwaka 1865. Mhandisi alikuwa James Swinton Spooner, na upana wa njia, yaani nafasi kati ya reli mbili, ukawa milimita 686. Reli za kawaida za Uingereza zina milimita 1,435, kwa hiyo hii haikufika hata nusu. Wangebeba mawe peke yake, hadithi ingeishia hapo. Wao walitaka kubeba na abiria, na sheria ilikuwa wazi: hakuna reli itakayobeba watu kabla mkaguzi wa Bodi ya Biashara, idara ya serikali iliyosimamia reli, hajaikagua.

Mkaguzi aliyetumwa ni Kapteni Henry Tyler. Alikuta vichwa viwili vya treni, vyote vimeundwa Whitehaven na kampuni ya Fletcher Jennings. Kimoja kiliitwa Talyllyn, kingine Dolgoch. Talyllyn kilikuwa na magurudumu manne yaliyokaribiana mno, kikawa kinarukaruka njiani, ikabidi kiongezewe jozi ya magurudumu nyuma. Hilo lilirekebishika. Lililokuwa gumu ni madaraja ya barabara yanayopita juu ya reli.

Hesabu yake ni nyepesi. Ndani ya madaraja hayo, ukuta hadi ukuta, palikuwa na mita 2.77. Behewa lilikuwa na upana wa mita 1.61. Toa, gawa kwa mbili: kila upande unabakiwa na sentimita 58 hivi. Kiwango kilichotakiwa kilikuwa sentimita 76. Maana yake treni ikikwama chini ya daraja, mlango haufunguki vizuri, na abiria anayejaribu kushuka anajibanza kati ya behewa na ukuta wa mawe. Atoaye kichwa dirishani naye yumo hatarini.

Kubomoa madaraja kungekula fedha nyingi na muda mwingi, ilhali sleti ilikuwa ikisubiri. McConnel akaja na pendekezo ambalo mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa suluhisho bora kabisa katika historia ya reli ndogo. Milango ya upande mmoja ifungwe moja kwa moja. Kisha, chini ya kila daraja, njia isogezwe kando, isipite katikati, ili nafasi kubwa iangukie upande wenye milango. Ukisogeza sentimita 18 tu, upande wa milango unapata zile 76 zilizotakiwa. Upande wa pili unabaki na 40, lakini hauna hasara, kwa kuwa hakuna atakayeshukia huko. Tyler akaridhika, na mwishoni mwa mwaka 1866 reli ikaruhusiwa kubeba abiria.

Mbona basi haikurekebishwa baadaye? Kwa sababu fedha hazikupatikana. Machimbo ya Bryn Eglwys hayakuwahi kuwa na faida kubwa ya kudumu, na reli iliyoyategemea iliishi hivyo hivyo. Vichwa viwili vya mwanzo viliendelea kuvuta treni mwaka baada ya mwaka bila kuongezewa cha tatu. Mabehewa ya kwanza ya abiria hayakubadilishwa. Yapo hadi leo na bado yanatembea. Kati yake usikose kulitazama behewa la gadi, yaani msimamizi wa treni, lenye kidirisha cha kukatia tiketi ubavuni. Katika stesheni zisizo na karani, gadi alikuwa ndiye karani: treni inasimama, abiria anajongea kwenye kidirisha, analipa, anapanda. Ofisi nzima ya tiketi ilitembea na treni.

Mwaka 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na Henry Haydn Jones, mbunge wa eneo hilo. Machimbo yalifungwa baada ya sehemu yake kuporomoka Desemba 1946, lakini mzee huyo alikuwa ameahidi kwamba treni zitaendelea madamu yu hai, na alitimiza. Serikali ilipotaifisha reli za nchi mwaka 1948, hii iliachwa nje. Haydn Jones alifariki Julai 1950, na kila mtu akatarajia chuma kiuzwe kama skrepa.

Oktoba mwaka huo huo, mwandishi Tom Rolt na wenzake waliitisha mkutano mjini Birmingham, wakaunda chama cha kuiokoa. Mei 1951 treni zikatembea tena, zikiendeshwa na watu wa kujitolea, na hakuna reli nyingine duniani iliyotangulia kuokolewa kwa njia hiyo. Njia ilikuwa na hali mbaya: mataruma yameoza, mahali pengine nyasi ndizo zilizoshikilia reli. Kichwa kimoja tu, Dolgoch, ndicho kilichoweza kufanya kazi. Hapo vile vipimo vya ajabu vikageuka bahati. Reli jirani ya Corris, iliyofungwa mwaka 1948, nayo ilikuwa na upana wa milimita 686, upana ulio adimu sana. Vichwa vyake viwili vilikuwa bado vimehifadhiwa, vikanunuliwa kwa pauni 25 kila kimoja. Leo vinaitwa Sir Haydn na Edward Thomas, na bado ni vya reli ya Talyllyn. Mwaka 2021 reli hii ikaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, kama sehemu ya mandhari ya sleti ya kaskazini-magharibi mwa Wales.

Mabehewa mapya yaliyoundwa na chama nayo yana milango upande mmoja. Majukwaa yote yalishajengwa kwa kufuata utaratibu huo, na madaraja bado yapo. Treni ikiondoka Wharf huingia chini ya daraja la barabara karibu mara moja, kwa hiyo kaa tayari dirishani, bila kutoa kichwa.

Lakini usiondoke Tywyn kabla ya kuingia makumbusho, kwa sababu humo ndimo unapoona kwamba Talyllyn haikuwa peke yake katika kuhangaika na vipimo. Kuna Dot, kichwa cha mwaka 1887 kilichofanya kazi ndani ya kiwanda cha kuunda vichwa vya treni cha Beyer Peacock, kwenye njia ya milimita 457 tu. Kuna George Henry cha mwaka 1877, kutoka machimbo ya Penrhyn, ambacho boila lake limesimama wima kama pipa. Ninachokipenda kuliko vyote ni kichwa namba 13 kutoka kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, kilichoundwa mwaka 1895. Silinda zake ziko juu ya boila, mbali na vumbi na matope. Kiwandani kilipita kwenye njia ya milimita 559, wakati reli za nje, za Ireland, zina milimita 1,600. Vichwa vya aina hii vilipohitajika kwenye njia hiyo pana, vilinyanyuliwa na kutumbukizwa ndani ya gari maalumu lenye magurudumu ya upana huo. Magurudumu ya kichwa yalikaa juu ya rola, rola zikazungusha gia, gia zikazungusha magurudumu ya gari, na mabehewa makubwa yakavutwa na injini ambayo yenyewe haikuwa imegusa reli.