Ticha mkali ndo anayejiamini? Tuongee ukweli

Ukikaa ofisi ya walimu shule nyingi za sekondari hapa Tanzania utasikia kwamba ticha wa kweli ni yule akifika mlangoni tu darasa zima kimya, na watu wanaamini huo ukimya ndo kujiamini kwenyewe. Jamani, hapana. Darasa lililonyamaza kwa woga haliulizi maswali, na mwalimu asiyeulizwa hajui nani kaelewa mpaka mtihani umwumbue. Na kiboko nacho kina kanuni, za 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwahiyo kuchapa tu kwa sababu umepandwa na hasira hakumo humo. Kenya walishapiga marufuku viboko shuleni tangu 2001.

Imani ingine ya uongo, eti kutawala hisia unazaliwa nako. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer walivyoandika kuhusu akili hisia mwaka 1990 waliielezea kama uwezo, yaani kutambua hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, halafu kuzitumia kuongoza fikra na matendo. Chukua kipindi cha mwisho mchana, Fizikia kidato cha pili, dogo kalaza kichwa kwenye dawati. Moyo unakwambia kakudharau. Kumbe kaamka saa kumi alfajiri, kaja kwa miguu, hajatia kitu tumboni. Ukisogea taratibu ukagusa dawati lake huku unaendelea kufundisha, ukamuuliza vizuri kipindi kikiisha, hujapoteza heshima hata kidogo. Na sio kwamba unakuwa mpole wa kila kitu, asiyefanya hom-weki bado ataifanya.

Halafu kuna hii inayowatesa sana walimu wapya: ukisema "sijui" umekwisha. Hapo ongeza na Kiingereza cha kufundishia, mtu anaogopa kuchapia, wanafunzi wacheke, basi anaandika notsi ubaoni dakika arobaini bila kugeuka. Mwanafunzi akikuuliza kitu hukijui mwambie swali zuri, nipe mpaka kesho, ila kesho urudi na jibu kweli, usipige kimya.

Mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1977 alionyesha imani ya mtu kwamba "hili naliweza" inajengwa na vitu vinne: kufanya ukafanikiwa, kuona mwenzako anafanya, kutiwa moyo, na hali ya mwili wako mwenyewe, ile mapigo kwenda mbio na kutoka jasho. Sasa angalia, viwili hapo vinategemea watu wengine! Ndo maana inaniuma mkuu wa shule anapomfokea mwalimu mstarini mbele ya wanafunzi halafu baadaye analalamika hajiamini. Amwite ofisini. Au aingie naye kipindi kimoja akae nyuma, wakitoka waanze na kilichoenda vizuri, ndo waje kwenye makosa, na wiki inayofuata huyo mwalimu aende akaangalie mwenzake mzoefu anavyofundisha darasa lilelile.