Je, Wajua Ni Kwa Nini Abiria wa Lifti ya Total Recall Wangeelea Safari Nzima?

Filamu ya Total Recall ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Paul Verhoeven, ilimpeleka Arnold Schwarzenegger hadi sayari ya Mirihi. Ile iliyotengenezwa upya mwaka 2012 na Len Wiseman, Colin Farrell akiwa mhusika mkuu, haikutoka duniani: nafasi ya Mirihi ilichukuliwa na lifti kubwa iitwayo The Fall, inayowapeleka wafanyakazi kutoka Australia hadi Uingereza kwa kupenya katikati ya dunia kwa dakika 17. Abiria hukaa vitini kwa uzito wao wa kawaida, na huelea kwa muda mfupi tu wanapokifikia kiini.

Kosa liko hapo kwenye kuelea. Mtu huhisi uzito wake kwa sababu sakafu inamzuia asianguke. Lifti ikiachiwa ianguke bila kizuizi, sakafu na abiria huanguka pamoja kwa kasi ileile, hakuna kinachomsukuma mwenzake, na kila asiyefunga mkanda huelea tangu mwanzo hadi mwisho, sawa na wanaanga katika kituo cha anga za juu, ambako mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Aliye ndani asingejua hata kwamba amekipita kiini.

Dakika 17 nazo zina tatizo lake. Tukichukulia kwamba dunia ina msongamano (uzito kwa ujazo) sawa kote, kuanguka kilomita 12,742 katika shimo lisilo na hewa huchukua dakika 42 hivi. Kwa kuwa kiini ni kizito kuliko tabaka za juu, muda huo hushuka hadi takriban 38. Ili kufika kwa dakika 17, injini zingelazimika kuisukuma lifti kwa mchapuko (kiwango cha kuongezeka kwa kasi) wa karibu mara tano ya ule wa mvutano, na hapo sakafu ingewakimbia abiria, nao wangebanwa darini kwa nguvu inayokaribia mara nne ya uzito wao. Kwa kweli, filamu ingenoga zaidi kwa tukio hilo.

Habari ya joto haihitaji maneno mengi: uchimbaji wa shimo la utafiti la Kola nchini Urusi ulikwama katika kina cha kilomita 12 tu, kwenye nyuzi 180 za Selsiasi.

Linalosahaulika zaidi ni ramani. Upande wa pili wa London ni bahari iliyo kusini-mashariki mwa New Zealand, si Australia, kwa hiyo njia iliyonyooka hadi Sydney ingepita kama kilomita 1,500 kando ya kitovu. Kwa hesabu ileile ya msongamano sawa, na kama hakuna msuguano, muda ungebaki dakika 42, lakini abiria wangeegemea ukuta mmoja njia nzima, wakihisi takriban robo ya uzito wao.