Mkia wa viputo: maana yake na namna unavyotengenezwa

Mkia wa viputo ni nywele zilizobanwa mkia mmoja, kisha zikafungwa rababendi kwa vituo kutoka shinani hadi karibu na ncha, na kila sehemu iliyo kati ya rababendi mbili ikavutwa hadi ikavimba duara. Hapo hakuna kusuka. Kwenye msuko mafungu matatu hupishana na kushikana yenyewe kwa yenyewe, lakini hapa nywele zimelala tu kwa urefu wake na kinachozishika ni raba peke yake.

Wengi hudhani kiputo kinatokana na wingi wa nywele. Hapana, kinatokana na ulegevu. Nywele zilizonyooka kati ya rababendi mbili haziwezi kuvimba hata ukizivuta vipi, kwa sababu hazina pa kwenda. Ukiisukuma raba ya chini ipande kama sentimita moja, papo hapo nywele za katikati zinapata nafasi, na nafasi hiyo ndiyo unayoivuta kwenda nje. Mwenye nywele nyepesi anayejua kusukuma raba atapata viputo vizuri kuliko mwenye nywele nzito anayekaza tu.

Kabla ya kufunga chochote, pima mkia. Tuseme una sentimita 45 kutoka shinani. Nywele hupungua unene kadiri zinavyoshuka, kwa hiyo ukigawa sehemu sawa, viputo vya chini vitatoka virefu na vyembamba kama soseji. Anza na sentimita 8, kisha 8, 7, 7, 6, na ya mwisho 5. Hiyo ni jumla ya 41, na zinabaki nne za ncha kuning'inia. Hapo umetumia rababendi saba, moja ya shina na sita za vituo. Weka mbili pembeni za akiba, maana hizi ndogo hukatika mkononi bila taarifa. Ukitaka mikia miwili, pasua njia katikati hadi kisogoni, na kwa kuwa kila mkia una nusu ya unene, vituo vikaribiane, sentimita 5 zinatosha.

Nywele zenye dawa, au zilizonyooka kwa asili, ni afadhali ziwe zimeoshwa jana kuliko leo. Zikitoka kuoshwa huteleza, na raba hushuka yenyewe kabla hujafika uendako. Nywele za kipilipili ni kinyume: zioshwe, zipakwe mafuta, zinyooshwe kwa uzi usiku kucha au kwa draya yenye moto mdogo, na ziwe zimekauka kabisa. Unyevu ukibaki, zitajikunja zikiwa ndani ya raba na urefu uliopima utapungua wakati mtu yuko njiani. Faida yake ni kwamba kipilipili huvimba zenyewe, mara nyingi hata kuvuta si lazima, ni kuzifungua kidogo kwa vidole.

Shina ndipo penye uzito wote, kwa hiyo pasifanywe kwa haraka. Brashi nywele kuelekea mahali unapotaka mkia ukae, paka jeli kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kichwa kizima, ukianzia ukingoni, kisha bana. Jeli ikizidi, au ikiwekwa juu ya mafuta isiyopatana nayo, hukauka na kutoa vipande vyeupe kama mba. Jaribu kwanza nyuma ya mkono: zichanganye, subiri zikauke, zikiganda madonge basi zisikutane kichwani. Kwa nywele nzito, kamba ya kiatu ni bora kuliko raba. Huizungushi kwa kupitisha mkia ndani yake, unaizungusha kwa nje na kukaza kidogo kidogo, kwa hiyo haichomoi nywele. Funga kitambaa ukingoni dakika 10 hadi 15 ili zilale.

Sasa viputo vyenyewe. Funga raba ya kituo cha kwanza mizunguko mitatu au minne, isilegee. Ishike kwa vidole viwili vya mkono mmoja, isukume juu ile sentimita moja, na usiiachie. Kwa mkono mwingine bana nywele chache za juu juu, unene wa njiti ya kiberiti, uzivute nje kwa upole. Zunguka kote: juu, kushoto, kulia, na chini pia, upande ambao wengi huusahau kwa sababu hawauoni kwenye kioo. Kiputo kilichovutwa upande mmoja kinaonekana kizuri kwa mbele, lakini kwa ubavuni kimelala kama mto ulioisha pamba. Ukikimaliza hicho ndipo ufunge raba inayofuata. Ukifunga zote kwanza kisha urudi kuvuta, kila raba unayoisukuma itanyang'anya nafasi ya kiputo kilicho chini yake.

Nywele zikichomoka nzima katikati ya kiputo na kusimama kama kitanzi, umevuta fungu nene mno au umeingiza vidole ndani sana. Usikate. Shika raba ya chini, vuta ncha ya mkia taratibu, kitanzi kitarudi, kisha anza upya. Viputo vikiwa vimevimba sawa lakini vinasinyaa baada ya saa moja, raba ni pana au ya kitambaa. Zile za kitambaa ni nzuri kwa shina, ila kwenye vituo zinateleza.

Nywele zisizofika mabegani huongezewa rasta. Bana shina, kunja rasta katikati, ifunge juu ya shina kwa raba, kisha toa shungi dogo ulizungushe kuficha fundo na ulibane kwa pini mbili zilizopishana. Pakiti moja kwa kawaida inatosha, mbili ukitaka mkia mnene. Rasta ni laini na hukataa kuvimba, kwa hiyo kila sehemu ichanwe kidogo kinyume, kutoka chini kwenda juu, kabla ya kufunga kituo. Kuchana hivyo kufanywe kwenye rasta tu, maana nywele za kichwani hukatika. Ncha za rasta huchovywa kwenye maji ya moto mwishoni, viputo vikiwa vimekamilika.

Pambo hukaa juu ya raba, halikai juu ya kiputo. Simbi, pete za dhahabu, utepe, shungi la kuzungushia, vyote vinaficha raba na wala havikandamizi kitu. Kwa harusi za pwani kikuba, yaani kishada cha asumini na mrehani, kinapendeza sana kwenye kituo cha kwanza, ila kiwe kidogo na kibanwe kwa pini inayoingia chini ya raba. Kikiwa kizito kinavuta mkia wote nyuma, na kichwa kitauma kabla bwana harusi hajafika.

Anayevaa mtandio au kofia ya bodaboda aweke shina kisogoni, karibu na shingo, na viputo vitoke chini yake. Mkia wa utosini ni wa siku ya kutembea kichwa wazi.

Kichwa kikiuma, au ngozi ikivutika unapoinua nyusi, au vipele vikitokea ukingoni, shina limekazwa mno. Lifungue siku hiyohiyo. Kuvutwa mara kwa mara ndiko kunakomaliza nywele za pembeni na za mbele, na mizizi ikishachoka sana haioti tena. Watoto huumia sana kwa sababu huambiwa wavumilie. Mtindo huu uvaliwe siku moja au mbili, na usiku shina lilegezwe, kichwa kifungwe kitambaa cha satini.

Kufumua anzia chini. Paka mafuta kidogo kwenye raba, ingiza ncha ya mkasi mdogo chini yake ukielekeza makali nje, ikate. Usiichomoe hata kama inaonekana itatoka, maana huwa inatoka na nywele. Raba zilizokatwa tupa, chana kwa chanuo lenye meno mapana kuanzia nchani, na kichwa kipumzike siku chache bila kubanwa.