Bridge: dau la kugombea halipimwi kwa pointi pekee

"Sina pointi, napita." Wengi wanaojifunza bridge, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, hapa Moshi husema hivyo mara tu wapinzani wanapopandisha dau (ahadi ya kushinda idadi fulani ya raundi), na wanapoteza mengi kwa kunyamaza. Pointi za ree, mfalme na malkia zina kazi yake, hasa mkitafuta dau kubwa. Lakini pande mbili zikigombea dau dogo, kinachoamua ni wingi wa turufu.

Mwaka 1969 Mfaransa Jean-René Vernes alieleza kwamba turufu za pande zote mbili, kila upande kwa aina yake bora, zikijumlishwa hukaribia jumla ya raundi ambazo kila upande ungeshinda kwa turufu yake.

Tuseme mwenzako ana shupaza tano, wewe nne. Wapinzani wana kopa tisa na wametaja kopa 3, yaani raundi 9 (sita za msingi na tatu) kopa ikiwa turufu. Jumla ya turufu ni 18. Wakiweza raundi 9, nanyi mnaweza 9, na shupaza 3 inatimia. Wakiweza 10, mnapata 8: mnalipa alama 50 msipokuwa hatarini (hali ambayo adhabu huongezeka), badala ya kuwaachia alama 170. Taja shupaza 3 hata kwa pointi chache!

Mkiwa na turufu nane tu, kwa kawaida ishieni ngazi ya pili, yaani raundi 8.