Kwa nini wimbo wa disko la shule hausikiki vile tena

Mwaka jana nilipiga muziki kwenye harusi moja hapa Mtwara mjini. Usiku umekolea, mama mmoja akanifuata kwenye mitambo. Tulitambuana papo hapo: alisoma shule ya wasichana iliyokuwa ikialikwa kwenye disko la shule yetu kule Masasi, mwaka 1990 na 1991. Akaomba zouk moja ya kundi la Kassav'. Nikaiweka, safi kabisa, kutoka kwenye kompyuta. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Kaka, huu siyo ule."

Ulikuwa ni ule ule. Waimbaji wale wale, gitaa lile lile. Lakini mama yule hakukosea, na mimi niliyeshika bisibisi tangu nimalize kidato cha nne naona nina deni la kueleza kwa nini.

Nianze na kaseti. Wakati ule Tanzania Bara redio ilikuwa moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam, na ilipiga zaidi bendi zetu za nyumbani. Kassav', Kanda Bongo Man, Yvonne Chaka Chaka, Brenda Fassie, hao walitufikia kwenye mkanda. Mwanafunzi anarudi kutoka likizo Dar na kaseti yake ndani ya begi, amevuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, maana daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Masika watu waliganda njiani siku kadhaa. Kaseti ikishafika haikai: bweni la kwanza wanairekodi, bweni la pili wanairekodi ile ya bweni la kwanza, na kuendelea. Kila mkanda unaponakiliwa, sauti nyembamba kama za matoazi hufifia na ule mvumo wa "shhh" huongezeka. Tuliyokuwa tukiicheza sisi ni nakala ya nne au ya tano. Matoazi ya Kassav' nilikuja kuyasikia nikiwa fundi tayari, nikadhani kuna mtu ameongeza ala.

Halafu mwendo. Mkanda wa kaseti hutembea sentimeta 4.76 kwa sekunde, si zaidi wala si pungufu, kama mota inapata nguvu inayotakiwa. Sisi tulitumia redio kaseti ya National, na tulipokuwa tukinakili bwenini, redio iliyocheza kaseti ya kunakiliwa ilitumia betri, tena betri zilizoanikwa juani ziongezewe siku mbili za kuishi. Betri ya redio inayocheza ikichoka, mota inachoka nayo, na nakala inabaki na mwendo huo. Mwendo ukipungua kwa asilimia 6, wimbo mzima hushuka nusu toni, na wimbo wa dakika 5 huongezeka sekunde 19 hivi. Sauti ya mwanamke inakuwa nzito, kama ametoka kulala. Basi zouk yetu ilikuwa nzito na ya polepole kuliko zouk ya Guadeloupe na Martinique ilikotoka, na bluzi, yaani wimbo wa taratibu, ikawa ndefu kidogo kuliko alivyoipanga mtunzi. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa mwalimu wa zamu na tochi yake.

Sasa bwalo. Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Bwalo letu lilikuwa na urefu wa kama mita 25, sakafu ya saruji, kuta tupu, juu mabati. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ikitoka kwenye spika ikagonga ukuta wa mwisho ikarudi, imetembea mita 50, yaani imechelewa kama sehemu 15 za sekunde kwa 100. Kwa bluzi hilo halina neno, mwangwi unaufunika wimbo kama shuka. Ila sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo gitaa hukimbia, ni jambo lingine. Gitaa la soukous, muziki wa dansi wa Kongo, linatupa noti nyingi mfululizo, na kabla noti moja haijafa ukutani, nyingine tatu zimeshatoka. Bwalo likiwa tupu ilisikika kama mvua juu ya bati. Wakiingia wageni, na sisi, jumla miatatu na kitu, miili na nguo zinameza ule mwangwi, gitaa linasafika. Kila mtu alisema disko limekolea kwa sababu wasichana wamefika. Ni kweli, na kwa spika pia ilikuwa kweli.

Besi hatukuwa nayo. Tulikuwa na spika moja ya inchi 10 iliyotolewa kwenye kasha bovu. Rafiki yangu mmoja, mtoto wa Tandahimba, akaenda jikoni akaomba mtungi wa maji uliopasuka mdomo, akailaza spika juu yake, uso chini. Lo! Bwalo zima likatetemeka. Ukitaka kuelewa, puliza mdomoni mwa chupa: hewa iliyo shingoni inasukumwa, ile ya ndani inairudisha, na chupa inatoa noti yake moja. Mtungi nao hivyo hivyo, ila noti yake ni nene. Kasoro yake ni kwamba hauna noti nyingine. Gitaa la besi linapanda na kushuka, mtungi unajibu "ndu, ndu, ndu" pale pale ulipo. Masikio yetu hayakuona upungufu. Tulikuwa watoto wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, tumekua na ngoma zinazochomekwa ardhini kwa mguu wake na kupashwa kwenye moto wa nyasi mpaka ngozi ikaze. Ngoma moja, sauti moja; ngozi ikilegea inapashwa tena ipate ile ile. Mtungi uliipa Kinshasa kiuno cha Newala, na mpaka leo nikifunga spika kwenye harusi huwa nautafuta ule uzito.

Kanda Bongo Man alitufaa sana ma-DJ wa kaseti, kwa sababu kwake gitaa huingia mapema. Nyimbo nyingi za Kongo huanza taratibu, mwimbaji anabembeleza, ndipo sebene linafunguka. Vijana hawakutaka kubembelezwa. Basi mchana niliingiza kalamu ya Bic kwenye tundu la kaseti nikazungusha, nasikiliza, nazungusha, mpaka sebene likae mlangoni, kisha nikaiweka pembeni tayari kwa usiku.

Ile zouk ya mama, sasa. Ilikuwa kwenye kaseti ya dakika 90, ambayo mkanda wake ni mwembamba kuliko wa dakika 60, na huliwa upesi. Katikati ya bluzi, usiku wa Septemba 1990, redio ikaula. Nikafungua kwa pini, nikakata kwa wembe kipande kilichokunjamana, nikaunga kwa selotepu upande wa mgongo. Kilikuwa kama vidole vitano, sentimeta 10 hivi. Hizo ni sekunde 2. Na kwa kuwa mkanda ni mmoja kwa pande zote mbili, wimbo wa Pepe Kalle uliokuwa upande wa pili nao ulipoteza sekunde 2 zake bila kosa lolote.

Tangu usiku ule zouk iliruka pale pale kila mara, na shule mbili zikajifunza kuruka nayo. Mguu unainuka, unashuka mahali pengine.

Kaseti ninayo. Wiki moja baada ya harusi mama alikuja kwenye banda langu Chikongola, nikasafisha hedi, yaani kichwa cha redio kinachosoma mkanda, kwa spiriti na pamba, nikaicheza. Alikuwa amekaa kwenye stuli. Ilipofika pale, bega lake liliruka kabla ya wimbo.

Nimeuhamishia kwenye kompyuta bila kurekebisha mwendo, bila kuondoa mvumo, na zile sekunde 2 sikuzirudisha. Nawe mwenye kaseti za enzi hizo, iwe Lindi, Nachingwea au Newala, itazame kwanza kwenye kidirisha chake. Ukiona ukungu mweupe kwenye mkanda usiiweke redioni, itachafua hedi na kuharibu kaseti nyingine zitakazofuata. Mpelekee fundi ikiwa bado imefungwa.